Santuri Ikihama, Nini Hubaki? Uhakiki wa Nakala za Sauti Mjini Bujumbura

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki vitabu: riwaya, diwani na tamthilia. Leo tunamwomba msomaji aturuhusu tuhakiki kitu kisichokuwa na kurasa, nacho ni nakala ya santuri. Kwa muda sasa sisi walimu wa Kiswahili wa Bujumbura tumekuwa tukipokezana nyimbo za zamani zilizotolewa katika santuri kwa mashine ndogo ya kubebeka mkononi, zikaingizwa katika kompyuta, na kutoka hapo zikasafiri kutoka simu hadi simu mpaka zikafika darasani. Wanafunzi wanazipenda. Mwalimu aliyechoka kuandika ubaoni hupumua kidogo, na darasa huchangamka. Jambo hili ni jema, wala hatukusudii kulibeza.

Hata hivyo, jambo jema likizoeleka bila kupimwa huzaa uvivu. Yafaa tujiulize: nakala hizi ni nini hasa? Je, ni wimbo wenyewe, au ni kivuli cha wimbo? Mwalimu aweza kuzitumia kama matini, yaani kama maandishi yanayoaminika, ambayo mwanafunzi atayachambua fani na maudhui yake? Maoni yetu ni kwamba kila anayenakili santuri ni mhariri, apende asipende. Anachagua, anaacha, anakata na kusafisha, kama afanyavyo mhariri wa utenzi aliyewekewa mezani miswada mitatu. Tofauti ni kwamba mhariri wa utenzi hutueleza katika dibaji alichokifanya, ilhali mhariri wa santuri hunyamaza. Katika kunyamaza huko ndimo mna hatari.

Tuieleze mashine kwanza, kwa ufupi. Ni kisanduku chenye sahani izungukayo, mkono mwembamba, sindano, na kipaza sauti kidogo. Hutumia umeme wa ukutani au betri, jambo ambalo kwa mji wetu si dogo, maana umeme ukikatika kazi haikatiki. Sindano hupita katika mfereji wa santuri na kutikisika. Mtikisiko hugeuzwa kuwa umeme. Umeme nao hupimwa mara maelfu kwa sekunde na kuandikwa kwa tarakimu. Sahani za CD zilichukua kipimo cha mara 44,100 kwa sekunde. IASA, shirika la kimataifa la makavazi ya sauti, hutaka kipimo kisichopungua mara 48,000, na hupendelea mara 96,000. Anayenakili kwa ajili ya kuhifadhi na afuate kipimo hicho. Anayenakili kwa ajili ya kusikiliza darasani aweza kuridhika na kidogo zaidi. Tarakimu hizi si kiini cha hoja yetu. Makosa makubwa tuliyoyaona hayakutokana na kompyuta, bali yalitokana na mkono wa mtu.

Tuanze na kosa letu wenyewe, ili tusionekane tunawanyoshea wengine kidole. Tulipeleka mashine ya namna hiyo Buyenzi, mtaa uliojengwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji kuwa makao ya Waswahili wa mji huu, na ambako Kiswahili kingali ni lugha ya nyumbani. Bibi mmoja alitutolea sanduku la santuri za marehemu mumewe. Nyingi zilikuwa ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, na lebo za baadhi yake zilikuwa zimefutika kabisa. Tuliweka moja tukiwa na haraka, mashine ikiwa bado katika mizunguko 33 na theluthi. Ukatoka wimbo wa polepole, wenye majonzi, kwa sauti nzito ya kiume. Sisi, kwa ujuzi wetu, tukaanza kuuhakiki hapo hapo: tukasema mwimbaji anaomboleza, tukasema uzito wa sauti unaafikiana na dhamira ya msiba, tukasema mwendo wa taratibu ni fani iliyochaguliwa kwa makusudi. Bibi alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akacheka, akasema, “Walimu wangu, huyo ni mwanamke, na huo ni wimbo wa harusi.”

Tuligeuza swichi, na harusi ikaingia chumbani. Santuri ya 45 ikichezwa kwa 33 hubaki na karibu robo tatu tu ya mwendo wake, na sauti hushuka kiasi cha kutosha kumgeuza binti kuwa mzee. Tuliona haya, lakini tulijifunza jambo ambalo hatukulipata katika vitabu vya uhakiki, nalo ni kwamba mwendo wa sahani ni sehemu ya matini. Mhakiki asiyejua mwendo huo hajausoma wimbo. Na lau Bibi asingekuwapo, nakala ile ingekwenda madarasani, na huenda leo kungekuwa na wanafunzi wanaoandika insha juu ya “maombolezo” yale.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa santuri nzito za 78, zile zinazovunjika kama sahani ya udongo. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya HMV, sauti yake iliandikwa katika santuri za aina hiyo. Si zote za enzi zile zilizozunguka mara 78 kamili. Nyingine zilipungua kidogo, nyingine zilizidi. Tena mfereji wake ni mpana kuliko ule wa santuri za plastiki zilizofuata. Sindano ya kawaida ya mashine zetu ndogo ni nyembamba mno kwa mfereji huo. Huzama chini penye vumbi na mikwaruzo, ikatoa kelele nyingi na sauti haba. Msikilizaji hudhani kuwa mwimbaji wa zamani alikuwa na sauti dhaifu, kumbe ni sindano iliyokosewa. Ni sawa na kusoma shairi la kale kwa miwani ya mtu mwingine, kisha kumlaumu mshairi kwa herufi zisizoonekana.

Isitoshe, santuri za 78 zina fani yake. Upande mmoja wa santuri ya kawaida ya inchi 10 uliweza kubeba yapata dakika 3 za sauti. Taarabu ya ukumbini hainayo mipaka hiyo. Mwimbaji hurudia kiitikio, hutunzwa, hurudi tena. Mwalimu anayefundisha wimbo wa santuri kama kielelezo cha taarabu lazima awaambie wanafunzi kwamba wanasikia taarabu iliyokatwa ikaenea katika sahani. Ufupi huo haukuwa shauri la mtunzi peke yake. Ulitokana pia na chombo. Faili isiyotaja kwamba ilitoka katika santuri ya 78 humnyima mwanafunzi maelezo hayo.

Jambo la pili ni pande mbili. Santuri nyingi za 45 zilizouzwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, hasa zile zilizotoka Nairobi, ziligawa wimbo mmoja sehemu mbili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa nyuma. Mara nyingi upande wa kwanza ndio ulibeba maneno mengi, na upande wa pili ukaachiwa magitaa na wachezaji. Lakini mara nyingi pia waimbaji hurudi upande wa pili, wakaongeza neno, wakataja majina, wakafunga kisa. Katika nakala zinazopita mikononi mwa walimu tumekuta nyimbo nyingi zilizoishia upande wa kwanza. Sauti hufifishwa taratibu, kama alivyofanya fundi wa studio ili kuruhusu santuri igeuzwe, na mnakili hakuigeuza. Je, tungemvumilia mchapishaji aliyetoa riwaya mpaka sura ya saba, akaacha nyingine kwa kuwa alichoka kufunua kurasa? Wanafunzi wetu wamekuwa wakiulizwa “mwisho wa kisa hiki unatufunza nini?” hali mwisho wenyewe umebaki kwenye sanduku la mtu.

Tuje sasa kwenye usafishaji, ambao ndio unaosifiwa kuliko yote. Siku hizi kuna programu za kuondoa mikwaruzo na mvumo. Mtumiaji huionyesha programu kipande chenye mvumo mtupu. Programu hujifunza sura ya mvumo huo, kisha huufuta popote inapouona. Zikitumiwa kwa kiasi, zinafaa. Zikitumiwa kwa pupa, hula konsonanti. Sauti kama s, sh, f na th ni za mkwaruzo; kwa sikio la programu ni jamaa wa mvumo wa santuri. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuelezwa hasara yake. Tofauti baina ya s na sh, na baina ya s na th, ndiyo tunayoihangaikia kwa wanafunzi wetu kila siku. Tukiwapa nakala ambayo thamani na samani zimesuguliwa zikakaribia kufanana, tutakuwa tunabomoa kwa mkono wa kushoto tulichojenga kwa mkono wa kulia.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko hapa kwetu, ingawa si wa Kiswahili. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na mwaka uliofuata rekodi hizo zikatolewa na Ocora, tawi la santuri la idara ya Ufaransa iliyoshughulikia ushirikiano wa redio. Katika santuri hiyo mna wimbo wa inanga wa kunong’ona. Inanga ni zeze lililochongwa katika ubao mmoja kama chano, likafungwa nyuzi. Mpigaji haimbi kwa sauti ya koo; ananong’ona maneno, na nyuzi zinamchukulia sauti. Cornelia Fales, mtaalamu wa muziki na usikivu, aliandika mwaka 2002 juu ya maajabu ya sanaa hii: mnong’ono wenyewe hauna wimbo wa juu na chini, lakini msikilizaji huusikia kana kwamba unaimba, kwa sababu sikio huunganisha mnong’ono na nyuzi. Kirundi ni lugha ya toni, na hapa toni zinasaidiwa na chombo.

Sasa na tufikiri mtu mwenye mashine ndogo na programu ya kusafisha anaushughulikia wimbo kama huo. Mnong’ono ni pumzi, na pumzi kwa programu ni mvumo. Akibana sana, atafuta mtu na kubakiza zeze. Atapata sauti safi kabisa, isiyo na mkwaruzo hata mmoja, isiyo na mwanadamu. Atajisifu kuwa ameokoa urithi. Tumeutaja mfano huu kwa sababu wanafunzi wetu wengi wana masikio ya Kirundi, nao wataelewa mara moja kile ambacho maelezo marefu juu ya konsonanti za Kiswahili hayangewafikishia.

Santuri hiyo hiyo inatufundisha somo la tatu, tena zito zaidi: somo la lebo. Pamoja na inanga, ndani yake mna ngoma kuu za Burundi. Mlio huo ulisafiri. Mwaka 1971 mwanamuziki Mike Steiphenson aliongezea vyombo vyake juu ya ngoma zilizorekodiwa, ukatoka wimbo ulioitwa “Burundi Black”. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliziweka ngoma hizo chini ya wimbo wake “The Jungle Line”. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi za Uingereza, Adam and the Ants ikiwa mojawapo, zikaiga mdundo wake. Dunia ikatikisa mabega kwa ngoma zetu. Na wapigaji? Katika orodha ya wanamuziki wa santuri ya Mitchell walitajwa kwa jina la jumla lenye maana ya “ngoma za wapiganaji za Burundi”.

Hapa mhakiki hana budi kusimama. Ngoma hizo hazikuwa za wapiganaji. Zilikuwa ngoma za ufalme, zilizomtumikia mwami na kusherehekea kilimo na mavuno. Ndiyo maana UNESCO, ilipoziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, iliziita ngoma za kifalme. Tena tarehe ya rekodi ina uzito wake. Ufalme wa Burundi ulifutwa Novemba 1966. Vuylsteke alirekodi 1967. Kwa hiyo anayesikiliza santuri hii anasikia ngoma za mwami katika mwaka wa kwanza usiokuwa na mwami. Huo ni ujuzi unaobadilisha usikivu wote: furaha ile inayotikisa ardhi ina swali ndani yake. Nao haumo katika mfereji; umo katika tarehe, katika jalada, katika maandishi madogo ambayo mnakili wa haraka huyaona kuwa takataka. Neno moja lilibadilika katika safari, “ufalme” ukawa “vita”, na kizazi kizima cha wasikilizaji wa ng’ambo kikasikia kitu kisichokuwapo. Wahenga walikwishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baadhi ya walimu wenzetu watasema: hayo ni ya ngoma, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, hasa katika mji huu. Bujumbura imesimama njia panda ya Kiswahili. Upande mmoja wa ziwa ni Kongo. Kusini ni Kigoma. Redio za Nairobi na Dar es Salaam zililea masikio ya wazee wetu. Katika sanduku moja la Buyenzi tulikuta taarabu ya pwani, dansi ya Tanzania, na magitaa ya Katanga. Huko Katanga ndiko Jean Bosco Mwenda aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Nako kuna Kiswahili chenye kanuni zake, kisemacho batoto mahali ambapo sisi tunafundisha watoto. Kiswahili hicho si kibovu. Ni lugha ya watu wa migodi na miji, iliyozaa sanaa yenye heshima.

Lakini mwanafunzi atajuaje? Mmoja wa wanafunzi wetu aliandika katika insha yake neno la namna hiyo. Tulilikata kwa kalamu nyekundu. Akatujibu kwa adabu: “Mwalimu, ni wewe uliyetusikilizisha wimbo huo.” Kweli tupu. Tulimpa nakala iliyoandikwa “wimbo wa 14”, bila jina la mwimbaji, bila mji, bila mwaka, kisha tukamwadhibu kwa kutokujua kile ambacho sisi wenyewe tulikifuta. Lau faili ingesema wimbo umetoka Katanga, kosa lile lingekuwa somo zuri la lahaja. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wazazi wanatudai Kiswahili kitakachowavusha watoto wao mipaka. Mtoto anayevuka mipaka anahitaji kujua kila Kiswahili kinazungumzwa wapi na nani, kwa kuwa neno litakalomletea sifa Lubumbashi laweza kumletea kicheko Zanzibar, na kinyume chake.

Tunajua pingamizi litakaloletwa, nalo lina nguvu. Watu watasema: santuri zinakufa, zinapindwa na jua, zinachezewa na watoto, zinatupwa nyumba zinapohamwa, nakala mbovu si bora kuliko kukosa kabisa? Tunakubali kwa nusu. Mwenye njaa hachagui sufuria, na nakala nyingi mbovu zimetufikishia nyimbo ambazo tusingezisikia kamwe. Lakini nakala mbovu ina ubaya wa kujifanya nzuri. Ikishapatikana, watu husema kazi imekwisha, na santuri yenyewe hutupwa. Tena baadhi ya mashine hizi ndogo zina mkono mzito, unaokandamiza kwa gramu 5 au zaidi, ilhali mashine bora hutosheka na gramu 2 hivi. Kila mchezo hukwangua kidogo. Kwa hiyo santuri adimu haifai kuchezwa ovyo mara kumi kwa ajili ya majaribio. Ichezwe mara moja, kwa sindano nzima, baada ya kusafishwa, na nakala hiyo ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyo, pamoja na mikwaruzo yake yote. Usafi uje baadaye, katika nakala ya pili. Hivyo ndivyo mhariri mwaminifu anavyofanya: hulinda mswada, kisha ndipo hutoa chapa ya wanafunzi.

Na mikwaruzo nayo isidharauliwe. Katika santuri za Bibi tulisikia pale ambapo mfereji umelika kuliko kwingine. Ni ubeti mmoja, uliorudiwa tena na tena na watu wa nyumba ile, wakainua mkono na kuirudisha sindano. Pale ndipo wasikilizaji wa kwanza walipotoa uhakiki wao, bila kalamu. Programu ya kusafisha ingelifuta alama hiyo kwa sekunde chache.

Basi tunawaomba walimu wenzetu mambo machache, yasiyohitaji fedha. Kwanza, kila santuri inakiliwe pande zote mbili. Pili, lebo na jalada vipigwe picha, na picha iandamane na sauti. Tatu, mwendo wa sahani uandikwe, na aliye mzee zaidi nyumbani aulizwe kabla ya kuamini masikio yetu. Nne, kilichosafishwa kitajwe kuwa kimesafishwa. Tano, mwenye santuri aandikwe kwa ridhaa yake, na kwanza kabisa arudishiwe santuri yake. Mwalimu anayepokea nakala isiyokuwa na habari hizi na aitumie kwa kustarehesha darasa, lakini asiitahini.

Sisi tulirudi Buyenzi juma lililofuata, tukiwa na daftari. Tulizigeuza upya santuri zote, tukaandika. Kwa zile zilizofutika lebo, Bibi alifumba macho, akasikiliza, akatutajia mji na sherehe alikousikia wimbo kwa mara ya kwanza. Tuliyaandika maneno yake mbele ya kila wimbo, kama dibaji.